Kuziba neva kutibu saratani ya tezi dume: wanasayansi wamefika wapi?

Ami yangu anaishi Nakuru, mtaa wa Bondeni, tangu kabla sijazaliwa. Aliondoka Mombasa kijana, akaendesha malori ya nafaka, akaoa huko na huko akabaki. Mwaka wa tatu huu anatibiwa saratani ya tezi dume. Kila miezi mitatu hudungwa sindano ya homoni, na kwa presha anameza tembe moja ya atenololi kila asubuhi.

Mwezi wa Shaaban uliopita alianguka akitawadha. Binamu yangu alimkimbiza hospitali. Moyo wake ulikuwa unapiga polepole mno. Daktari aliuliza dawa anazotumia, na hapo ndipo siri ilipotoka. Kwa wiki mbili ami alikuwa anameza tembe tatu za atenololi kwa siku badala ya moja, na sindano yake ya homoni ya mwezi huo hakwenda kudungwa.

Nilipofika Nakuru kumjulia hali, alinionyesha sababu kwenye simu. Ilikuwa video ya dakika nne iliyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Msemaji anasema wanasayansi wa Marekani wamegundua kwamba saratani ya tezi dume "inalishwa na mishipa", kwamba ukiizima mishipa saratani inakufa, na kwamba dawa ya kuizima ni ile ile ya presha, ila madaktari hawataki mjue.

"Mwanangu," ami aliniambia, "we ndiye mwandishi wa magazeti. Niambie, ni uongo?"

Sikuweza kumjibu kwa neno moja, kwa sababu video ile haikuwa uongo mtupu. Ilichukua utafiti wa kweli, ikakata kichwa na miguu, ikabakisha kiwiliwili. Nilimwahidi nitasoma, kisha niandike, kwa sababu najua hayuko peke yake. Mimi si daktari. Nimeyakusanya haya kutoka kwa tafiti zilizochapishwa, na nimeyapanga kwa namna ambayo ningependa ami angeyasikia kabla hajameza tembe ya pili.

Kwanza, mshipa gani?

Sehemu ya tatizo ni lugha yetu. Kwa Kiswahili tunasema mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, na wazee wa Pwani wakisema fulani "ana mshipa" huwa wanamaanisha ngiri au busha. Ami mwenyewe aliposikia "mishipa" alifikiria mishipa ya damu, ndiyo maana dawa ya presha ilimwingia akilini upesi.

Utafiti huu unahusu mishipa ya fahamu, yaani neva. Hizi ni nyuzi nyembamba zinazopeleka ujumbe kati ya ubongo, uti wa mgongo na viungo vya mwili. Zipo tunazoziamrisha, kama za mkono. Zipo zinazojiendesha zenyewe, kama za moyo, utumbo na kibofu. Hizi zinazojiendesha zimegawanyika makundi mawili makubwa. La kwanza linaitwa simpathetiki: ndilo linaloamka ukishtuka, moyo ukaenda mbio. La pili ni parasimpathetiki, ambalo hufanya kazi mwili ukiwa umetulia, chakula kikasagika na kibofu kikamwaga.

Tezi dume ni kiungo kidogo, ukubwa wa jozi (walnut) hivi, kilicho chini ya kibofu cha mkojo. Kazi yake ni kutoa sehemu ya majimaji ya manii. Kimezungukwa na kupenywa na neva za makundi yote mawili. Madaktari walijua zamani kwamba seli za saratani ya tezi dume hupenda kutambaa kufuata neva, kama panya anavyofuata ukingo wa ukuta. Walichodhani ni kwamba neva ni njia tu ya kupitia. Hawakujua kama neva nazo zinaichangia saratani kitu.

Yaliyoonekana kwa panya

Jibu kubwa la kwanza lilitoka mwaka 2013. Claire Magnon na Paul Frenette, wakiwa chuo cha tiba cha Albert Einstein, New York, walichapisha utafiti katika jarida la Science. Walipandikiza seli za saratani ya tezi dume ya binadamu ndani ya panya, kisha wakaziharibu au kuzizuia neva.

Matokeo yalikuwa na sehemu mbili. Neva za simpathetiki zilipoharibiwa mapema, uvimbe ulishindwa kushika mizizi. Neva hizo hutoa kemikali iitwayo noradrenalini, ambayo hugusa vipokezi vinavyoitwa beta. Panya waliokosa vipokezi hivyo nao uvimbe wao ulidumaa. Neva za parasimpathetiki zilikuwa na kazi tofauti: zilihusika na saratani kusambaa kwenda viungo vingine. Zilipozuiwa, usambaaji ulipungua.

Watafiti hao hao walichunguza pia vinyama vya tezi dume vilivyotolewa kwa wagonjwa 43. Waliokuwa na neva nyingi ndani na pembeni ya uvimbe ndio waliokuwa na saratani kali zaidi.

Mwaka 2017 kundi la Frenette lilieleza namna jambo hili linavyofanyika. Noradrenalini inayotoka kwenye neva hugusa kuta za mishipa midogo ya damu na kubadilisha jinsi kuta hizo zinavyotumia sukari na hewa. Mishipa ya damu inachipua, na uvimbe unapata chakula. Kwa hiyo ami hakukosea sana: mishipa ya damu imo katika kisa hiki, ila amri inatoka kwa neva.

Kisha mwaka 2019 Magnon, aliyekuwa sasa na maabara yake Ufaransa, alichapisha katika jarida la Nature jambo lililowashangaza wengi. Katika panya, seli changa za neva zilitoka kwenye ubongo, zikasafiri ndani ya damu, zikafika kwenye uvimbe na kugeuka neva mpya. Seli za aina hiyo zilionekana pia katika vinyama vya wanaume wenye saratani, na zilikuwa nyingi zaidi kwa waliokuwa na ugonjwa mkali.

Yote haya ni elimu ya kweli na ya thamani. Lakini panya si ami yangu. Dawa nyingi zimeponya panya na zikashindwa kwa binadamu.

Yaliyoonekana kwa wanaume

Kwa binadamu ushahidi ni mchache, na ni wa aina mbili.

Aina ya kwanza ni jaribio la moja kwa moja. Gustavo Ayala na wenzake wa Houston, Texas, ambao wameifuatilia habari ya neva na tezi dume kwa miaka mingi, walichapisha mwaka 2018 matokeo ya kuwadunga wanaume sumu ya botulinamu, ile inayouzwa kwa jina la Botox na ambayo wengi wanaijua kwa kuondoa makunyanzi ya uso. Sumu hiyo huzuia neva kutoa kemikali zake. Kila mgonjwa alidungwa upande mmoja wa tezi kwa dawa, upande wa pili kwa maji ya chumvi, kisha tezi ikatolewa kwa upasuaji uliokuwa umepangwa tangu mwanzo. Upande wa dawa ulikuwa na seli za saratani zilizokufa nyingi zaidi kuliko upande wa maji ya chumvi.

Sasa msomaji, uliza swali ambalo video ile haikuliuliza: walikuwa wanaume wangapi? Walikuwa wanne. Na hakuna aliyeachiwa sindano hiyo iwe ndiyo tiba yake. Wote walifanyiwa upasuaji wa kawaida. Jaribio lilitaka kujua kama kuna dalili ya kitu, na dalili ikapatikana. Halikuonyesha kwamba mtu anapona, wala kwamba anaishi muda mrefu zaidi.

Aina ya pili ni kufuatilia kumbukumbu za wagonjwa. Dawa za presha na moyo za kundi la beta-bloka, kama propranololi na atenololi, huziba vile vipokezi vya beta tulivyovitaja. Kwa kuwa mamilioni ya watu wanazitumia kwa presha, watafiti waliuliza: je, wenye saratani ya tezi dume wanaozitumia hufa kidogo kwa saratani hiyo? Huko Norway walifuatilia wanaume 3,561 waliokuwa na saratani ya hatari au iliyosambaa, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 waliotumia beta-bloka walionekana kufa kidogo kwa saratani hiyo. Lakini utafiti mwingine wa Uingereza, uliochapishwa mwaka huo huo wa 2014, haukuona faida hiyo.

Tafiti za namna hii zina udhaifu wake. Mtu anayepewa dawa ya presha huonwa na daktari mara kwa mara, na huenda saratani yake hugunduliwa mapema kwa sababu hiyo. Huenda pia wagonjwa walio hoi hawapewi dawa hizo. Kwa hiyo huwezi kusema ni dawa iliyowasaidia mpaka uwagawe wagonjwa kwa bahati nasibu, nusu wapewe na nusu wasipewe, kisha uhesabu miaka. Majaribio madogo ya namna hiyo yameanza kufanywa. Jibu la mwisho halijapatikana.

Jambo moja zaidi kuhusu atenololi ya ami. Beta-bloka si zote sawa. Katika tafiti za panya kipokezi kinachotajwa zaidi ni beta ya pili. Atenololi imetengenezwa kulenga hasa beta ya kwanza, ile ya moyo. Kwa hiyo hata kama nadharia ni sahihi, ami alikuwa akiongeza dozi ya dawa inayopiga moyo wake kuliko inavyoufikia uvimbe. Ndiyo maana moyo ulichoka kabla saratani haijaguswa.

Dawa hizi hazichezewi. Zikizidi, moyo hupunguza mwendo na presha hushuka hadi mtu akaanguka. Propranololi inaweza kumziba pumzi mwenye pumu. Na anayezitumia kwa presha au moyo akiziacha ghafla, anaweza kupata mshtuko wa moyo. Dozi huongezwa, hupunguzwa na kusitishwa na daktari.

Kwa nini hawazikati tu neva?

Hili ni swali la pili la ami, na ni la busara. Kama neva zinalisha saratani, kwa nini daktari wa upasuaji asizikate?

Jibu ni kwamba neva zinazopita pembeni mwa tezi dume ndizo zinazomwezesha mwanamume kusimamisha, na nyingine za jirani husaidia kuuzuia mkojo. Zamani upasuaji wa kutoa tezi ulikuwa ukiwaacha wanaume wengi bila nguvu za kiume. Mwaka 1982 daktari Patrick Walsh wa Johns Hopkins, Marekani, alianzisha namna ya kuitoa tezi huku akizihifadhi neva hizo. Tangu hapo madaktari wa upasuaji wamejitahidi kuzinusuru neva ambazo watafiti wengine sasa wanataka kuzinyamazisha.

Ndiyo maana wanatafuta dawa itakayozuia ujumbe wa neva kwenye uvimbe peke yake, bila kumharibia mtu ndoa yake, kibofu chake wala moyo wake. Dawa hiyo bado haijapatikana. Leo hii kuziba neva si tiba ya kawaida ya saratani ya tezi dume katika nchi yoyote. Akikujia mtu Nakuru, Mombasa, Muscat au London akakwambia anakuuzia, anakuuzia kitu ambacho waliokigundua wenyewe hawajathubutu kukiuza.

Kuziba neva kwa maumivu ni jambo jingine

Hapa pana mkanganyiko ambao nimeusikia kwa zaidi ya mtu mmoja. Saratani ya tezi dume ikisambaa hupenda kwenda kwenye mifupa, hasa ya mgongo na nyonga, na maumivu yake ni makali. Madaktari wa maumivu wakati mwingine hudunga dawa ya ganzi karibu na neva ili ujumbe wa maumivu usifike kwenye ubongo. Huko pia ni kuziba neva, na hutumika hospitalini kweli. Lakini kunatuliza maumivu tu. Hakuui saratani, na hakuna anayedai hivyo.

Mwenye maumivu asivumilie kimya akidhani ndiyo subira. Nakuru kuna Nakuru Hospice, na kwetu Mombasa kuna Coast Hospice. Kazi yao ni kumpunguzia mgonjwa maumivu na kuwashika mkono jamaa zake. Wengi wetu tukisikia hospisi tunadhani ni pahali pa kwenda kufa. Huo ni ujinga wetu. Mtu anaweza kutibiwa saratani na kupata huduma ya maumivu kwa wakati mmoja.

Tiba zilizopo leo

Kwa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, mwaka 2020 Kenya ilipata wagonjwa wapya wa saratani ya tezi dume takriban 3,400. Bonde la Ufa limezoea kusikika kwa saratani ya umio, hasa pande za Bomet, na pengine ndiyo sababu hii ya tezi dume haizungumzwi sana huko. Na hapa Pwani haizungumzwi kwa sababu ya haya.

Mwanzoni saratani hii haina dalili. Baadaye mkojo huwa mgumu kuanza, unakatika, unamwamsha mtu usiku mara nyingi, au unatoka na damu. Dalili hizo zaweza kuwa za tezi kuvimba tu kwa uzee, ambako si saratani. Kujua tofauti ni kwa vipimo: damu ya PSA, kidole cha daktari, picha, na mwisho kutoa kinyama kidogo na kukichunguza. PSA peke yake haithibitishi saratani. Jumuiya ya saratani ya Marekani inashauri mwanamume mweusi azungumze na daktari kuhusu kupimwa akifika miaka 45, na mapema zaidi, 40, ikiwa zaidi ya mmoja kati ya baba na ndugu zake waliupata ugonjwa huu wakiwa bado hawajazeeka.

Kwa wanaoona haya na kipimo cha kidole, omba daktari mwanamume. Ni haki yako kuomba. Dini yetu imetufunza kutafuta dawa, na haja ya tiba inajulikana kwa wanavyuoni.

Tiba zilizothibitishwa ni hizi: kufuatilia kwa karibu bila kutibu, kwa saratani ndogo isiyo na haraka, upasuaji, mionzi, tiba ya homoni, na kemo kwa iliyosambaa. Zamani mgonjwa wa Nakuru aliyehitaji mionzi ya serikali alilazimika kwenda Kenyatta, Nairobi, mwendo wa kilomita kama 160. Baadaye serikali ilichagua Nakuru, Mombasa na Garissa kuwa vituo vya kanda vya saratani. Cha Nakuru kiko katika hospitali ya rufaa ambayo wenyeji bado wanaiita PGH.

Na hiyo tiba ya homoni ambayo ami aliiruka, nayo ilianza kama utafiti. Charles Huggins alionyesha mwaka 1941 kwamba ukiipunguza homoni ya kiume saratani ya tezi dume hunywea. Alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966. Kati ya hapo na sindano ya miezi mitatu ya leo kuna maelfu ya wagonjwa waliofuatiliwa na makosa yaliyorekebishwa. Neva nazo huenda zikafika huko siku moja, inshallah. Leo hazijafika.

Maswali manne ya kuuliza

Ukiletewa habari ya tiba mpya, uliza: Ilijaribiwa kwa panya au kwa watu? Watu wangapi? Walilinganishwa na nani? Waliishi zaidi, au kipimo tu ndicho kilichobadilika? Na ukiambiwa ni jaribio la utafiti, jua kwamba jaribio la halali lina kibali cha kamati ya maadili, lina karatasi ya ridhaa unayosomewa kwa lugha unayoifahamu, na una ruhusa ya kujitoa wakati wowote. Ukidaiwa pesa kwanza ndipo udungwe dawa ambayo haijathibitishwa, ondoka.

Ami amerudi kwenye sindano yake. Daktari amembadilishia dawa ya presha, na binamu yangu ndiye anayezihesabu tembe sasa, jambo ambalo ami halipendi. PSA yake ilikuwa imepanda kidogo kwa ile sindano aliyoiruka. Atapimwa tena baada ya Idi.

Jana alinipigia simu. Ametumiwa video nyingine, ya mizizi safari hii. Ameniambia hajaituma kwa mtu.